Nani anamlipia mtoto wa miaka minne?

Huwa naulizwa kama kuongezeka kwa shule za chata Marekani kunaua madarasa ya awali. Kazi yangu ni kusoma bajeti za elimu, kwa hiyo mimi huanza na hela. Itikadi nawaachia wengine.

Chata ni shule ya umma. Haitozi ada, inaendeshwa kwa kodi, ila aliyeishika ni bodi yake yenyewe kwa mkataba, na matokeo yakiwa mabaya mkataba haurefushwi. Darasa la awali ni la mtoto wa miaka 4, mwaka mmoja kabla ya kindagateni, darasa la kuanzia shule la watoto wa miaka 5.

Tuangalie New Orleans. Baada ya kimbunga Katrina, 2005, jimbo la Louisiana lilizichukua shule nyingi za jiji, zikawa zinageuzwa chata hadi mwaka 2019 zilipokuwa karibu zote. Zamani bodi moja ndiyo iliyoamua darasa la awali lifunguliwe wapi, na pengo la fedha ililiziba yenyewe. Sasa kila shule ikawa na daftari lake. Kwa miaka mingi jimbo lililipa dola 4,580 kwa mwaka kwa mtoto wa awali wa familia ya kipato cha chini. Hapo toa mshahara wa mwalimu, wa msaidizi wake, chakula, chumba. Haifiki. Mkuu wa shule aliyelitaka darasa hilo ilibidi amege fungu la madarasa ya juu.

Na amege kwa faida ipi? Mitihani ambayo shule inapimwa nayo huanza darasa la tatu. Kufikia hapo mtoto uliyemfundisha rangi na herufi huenda keshahamia shule nyingine, maana mzazi ana ruhusa ya kuchagua popote jijini. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Tulane walikuta nafasi za awali zimepungua, hata baada ya kuzingatia kwamba watoto wenyewe walikuwa wamepungua. Baadhi ya shule zilizobaki na darasa hilo zilikuwa zinawinda wanafunzi mapema. Siwalaumu.

Lakini nenda Washington, DC, ambako chata nazo zimejaa. Sheria ya 2008 ilipanua elimu ya awali, na mtoto wa miaka 3 au 4 analipiwa kwa kanuni ileile ya wanafunzi wengine, tena kwa uzito mkubwa: kiwango cha msingi cha mwanafunzi mmoja huzidishwa kwa 1.34 kwa wa miaka 3, na kwa 1.30 kwa wa miaka 4. Huko chata zinawagombania wadogo hao, na wazazi wanaingia bahati nasibu mtoto akiwa bado anasinzia mchana.

New Orleans nako, Aprili 2022, wapiga kura walikubali kodi ya majengo ya miaka 20 kwa ajili ya malezi ya watoto wadogo. Ni ya watoto wa kuanzia kuzaliwa hadi miaka 3. Wa miaka 4 hawamo.