Kuweka video kwenye chaneli ya pamoja si kuuza kazi

Vikundi vya ngoma na sarakasi hapa Arusha, kuanzia Kaloleni hadi Sakina, husita kujiunga na chaneli moja ya video. Hofu ni ileile: "Ukishapandisha, kazi si yako tena." Si kweli.

Hakimiliki huzaliwa kazi inapotungwa. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 haidai hata usajili, ingawa kusajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, husaidia mzozo ukifika mahakamani. Masharti ya YouTube nayo yanasema wazi kwamba mmiliki ni wewe. Unachowapa ni ruhusa ya kuionyesha na kuisambaza, tena isiyokuzuia kuiuza au kuipeleka kwingine.

Hatari ipo, ila watu wanaitafuta pasipo. Mwenye nenosiri ndiye mwenye funguo za duka. Mapato ya matangazo huingia akaunti moja, na YouTube haijui kwamba nyimbo tatu ni za kikundi cha Moshi na mbili ni za Arusha. (Hayo mapato yenyewe yanahitaji wafuatiliaji 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa kwa miezi 12, au mitazamo milioni 10 ya video fupi (Shorts) kwa siku 90, kwa hiyo tusigombane mapema.) Kwa hiyo andikianeni: nani anapandisha, fedha zinagawanywaje, na anayejitoa anaondolewa video zake ndani ya siku ngapi. Karatasi moja yenye saini inatosha. Na mpiga kamera asaini pia, maana picha alizopiga huenda zina haki zake.