Rongorongo si Lugha

Kila inapotajwa Rapa Nui, kisiwa cha Chile ambacho wengi hukiita Kisiwa cha Pasaka, hakosi mtu wa kueleza kwamba "lugha ya rongorongo" ilikufa na hadi leo haijafasiriwa. Rongorongo ni alama zilizochongwa kwenye vipande vya mbao, na vilivyosalia ni kama dazeni mbili tu. Lugha ya wenyeji ni Kirapanui, ndugu wa Kitahiti na Kimaori, nayo bado inazungumzwa, ingawa Kihispania kinaibana sana.

Kilichokufa ni ujuzi wa kusoma. Mmisionari Mfaransa Eugène Eyraud alipovikuta vibao hivyo majumbani mwaka 1864, meli za wateka watumwa kutoka Peru zilikuwa zimekwishachukua watu wapatao 1,500 katika miaka ya 1862 na 1863, na wachache waliorudishwa walirudi na ndui. Baadaye Askofu Jaussen wa Tahiti alimpata Mrapanui aitwaye Metoro, akamkalisha na vibao amsomee. Naye aliimba, lakini kwa sehemu kubwa alitaja tu maumbo aliyoyaona. Tunachokijua vizuri ni mwelekeo: msomaji alianza mstari wa chini kushoto, na kila alipofika mwisho wa mstari alikigeuza kibao juu chini. Wataalamu bado wanabishana kama alama hizo ziliandika maneno hasa, au zilimkumbusha tu mghani mambo aliyokwisha kuyahifadhi. Kwa hiyo anayeziita lugha analiruka swali lenyewe.

Sisi wasomaji wa Kiswahili tusingepaswa kutatizwa na jambo hili. Tenzi zetu ziliandikwa kwa herufi za Kiarabu muda mrefu kabla ya hizi za Kilatini, na hakuna anayedai kwamba siku hizo tulikuwa na lugha nyingine. Kirapanui nacho leo huandikwa kwa herufi za Kilatini, pamoja na alama ya kituo cha koo, yaani sauti inayotokea koo linapofungwa ghafla, na herufi ya sauti ambayo sisi tunaiandika ng'.

Inatosha, basi, kusema kwamba maandishi ya rongorongo hayajasomeka. Na kwa kuwa ng ya jina hilo ni ile ya ng'ombe, wala si ya ngoma, ingekuwa vyema tulitamke rong'orong'o.