Kufyatuka si samasoti

Jumapili iliyopita, ufukweni, nilimsikia kijana mmoja akiwafundisha watoto watatu mchezo wa kuinuka. Watoto walikuwa wamelala chali, magoti yameletwa usoni, viganja vimebanwa kando ya masikio. Akawaambia, "Haya, pigeni samasoti! Rukeni juu!" Wakajirusha, na wote watatu wakaangukia matako. Neno hilo nimelisikia likitumiwa hivyo mara nyingi mno, na safari hii nimeona watoto wakiumia kwa sababu yake.

Mchezo wenyewe ni huu. Unalala chali, unajiviringisha nyuma mpaka uzito ukae mabegani, kisha unaitupa miguu kwa mkupuo mmoja, mwili unaachana na ardhi na unatua kwa nyayo, umesimama. Kwa Kiingereza huitwa kip-up. Kwa matamshi yetu, kipu. Kwa sasa, hayo yanatosha.

Sasa samasoti. Neno hili limetufikia kupitia Kiingereza, nacho kililichukua kwa Wafaransa katika karne ya 16. Asili yake ni maneno mawili ya Kilatini: supra, yaani juu ya, na saltus, yaani mruko. Samasoti ni mruko wa kupita juu. Wanaofika Forodhani, Zanzibar, wakati wa jioni wameiona: kijana anakuja mbio, anaruka kutoka ukingoni, miguu inapita juu ya kichwa, anazunguka duara zima hewani kabla ya kuingia baharini. Wazee wetu walikuwa nalo jina lao, kichwangomba, na ukilisikia tu unajua kwamba kichwa kinahusika. Katika kipu hakuna duara. Kutoka kulala chali hadi kusimama wima ni robo ya duara, basi.

Wengine huita kila kitu sarakasi. Hilo nalivumilia zaidi, kwa sababu sarakasi ni jina la sanaa nzima. Mzizi wake ni circus ya Kilatini, maana yake duara, ule uwanja wa mviringo wa maonyesho. Lakini kumwambia mtoto "piga sarakasi" ni sawa na kumwambia mpishi "pika chakula". Hujamwambia apike nini.

Kosa linaloniuma hasa ni la tatu, la kuiita kipu mruko. Kip ya Kiingereza imetoka kwenye Kippe ya Kijerumani, na kitenzi chake, kippen, maana yake ni kuinamisha au kupindua kitu kilichokaa ukingoni mpaka kiegemee upande wa pili. Wajerumani ni watu wa zamani katika mazoezi haya. Friedrich Ludwig Jahn alifungua uwanja wake wa mazoezi ya viungo Hasenheide, Berlin, mwaka 1811. Kwao, Kippe hufanywa hata kwenye chuma cha mlalo. Mchezaji anakuwa ananing'inia, anakunja nyonga mpaka miguu ikaribie chuma, anaikunjua kwa ghafla, na mwili unapanda mpaka mikono inyooke juu ya chuma. Muda wote huo hajaachia chuma, wala miguu haijagusa ardhi. Kama kipu ingekuwa mruko, ile ya kwenye chuma ingeitwaje? Kiini chake ni nyonga iliyokunjwa kukunjuliwa kwa kasi.

Wachina wameona jambo lilelile kwa jicho jingine. Katika wushu, sanaa yao ya mapigano, kuinuka huku hupewa jina la samaki wa mtoni aina ya kapi anayejinyoosha kwa nguvu. Yeyote aliyewahi kusimama karibu na mtumbwi samaki wakimwagwa mchangani anaielewa picha hiyo: samaki hana miguu ya kurukia, anajipinda, anajinyoosha, na tayari yuko hewani.

Na sisi neno tunalo, zuri kuliko yote hayo. Mbwa akiogopa hufyata mkia, anaubana katikati ya miguu. Mtu akiambiwa anyamaze huambiwa afyate ulimi. Kufyata ni kubana. Kiswahili kina ile u inayogeuza tendo: kunja na kunjua, funga na fungua, tega na tegua. Fyata na fyatua ni hivyohivyo. Kilichobanwa kikiachiwa ghafla kimefyatuka, ndiyo maana mtego hufyatuka na risasi hufyatuliwa. Mtoto aliyelala chali, magoti usoni, amefyata mwili wake. Kinachobaki ni kufyatuka.

Siyo ubishi wa kamusi tu. Mtoto ukimwambia "ruka", anatafuta kitu cha kusukuma kwa miguu, na miguu yake iko hewani. Basi anatumia kinachobaki: ananyanyua kichwa, anakaza tumbo, anajaribu kuketi, na kweli anaishia kuketi. Ukimwambia "fyatuka", nyonga inakunjuka, miguu inakwenda mbele na juu kwa upinde kisha inarudi chini yake, kiuno kinatangulia, mgongo unajipinda, na kichwa kinabaki nyuma mpaka nyayo ziguse mchanga. Mikono inasaidia kusukuma, lakini si yenyewe inayobeba kazi. Wako wanaoinuka mikono ikiwa imewekwa mapajani. Kasi ya miguu ndiyo inayouvuta mwili uliobaki.

Walipopumzika nilimwendea yule kijana. Nilimwambia, "Mdogo wangu, mchezo unaujua, nimekuona ukiufanya vizuri. Neno tu. Hiyo si samasoti, na wala usiwaambie waruke. Waambie wafyate kwanza, halafu wafyatuke. Na wasogeze kwenye mchanga uliolowa, huu mkavu unameza viganja vyao."

"Sawa, kaka," akasema, akawaita watoto wasogee majini.