Tairi ngumu kama jiwe sio tairi ya kasi

Jumamosi kijana mmoja aliniletea baiskeli, resi yake ni wiki ijayo, anataka nimwangalilie kwa nini gurudumu la nyuma linaruka ruka akikata kona kwa lami mbovu. Nikafinya tairi na kidole gumba, hakiingii hata kidogo. Tairi ni ya 23, yaani upana wa milimita 23, nikaweka geji ya kupima presha ya upepo: psi 125. Na yeye mwenyewe ana kilo 58. Nikamuuliza nani alimwambia ajaze hivyo. "Fundi, si kila mtu anajua ikiwa ngumu ndio inaenda?" Hiyo sentensi nimeisikia miaka na miaka na sasa nimechoka nayo, kwa hivyo wacha niandike mara moja, mwingine akiniuliza namtumia hii.

Ubaya ni kwamba ina nusu ya ukweli, ndio maana haifi. Tairi ikizunguka, pale chini inapogusa barabara inakunjika halafu inanyooka, na mpira ukikunjika haurudishi nguvu yote uliyoupa, ingine inapotea kama joto. Ukiongeza upepo, haikunjiki sana, kwa hivyo unapoteza kidogo. Hapo sawa. Na ukiipima kwa mashine, gurudumu likizungushwa juu ya pipa la chuma lililo laini kama kioo, kila ukiongeza presha namba zinazidi kuwa nzuri.

Lakini wewe huendeshi juu ya pipa, unaendesha lami ya hapa, yenye kokoto zimetokeza, viraka, na vile vinyufa vinavyokatiza barabara ukipanda Limuru. Tairi ikiwa jiwe haimezi kokoto, inaipanda. Inainua baiskeli nzima na wewe ukiwa juu yake, kidogo sana lakini mara nyingi kila sekunde, na kazi ya kukuinua imetoka kwa miguu yako mwenyewe, na ukishuka hiyo nguvu hairudi kukusukuma mbele, inaishia kwa mapaja na mgongo na mikono zikitetemeka. Ndio unafika Kiserian vidole vimekufa ganzi na unadhani ni kukosa mazoezi. Kwa hivyo kuna kiwango, ukikipita, kila psi unayoongeza inakupunguzia mwendo, na hasara yake inakuja haraka. Ukikosea kwa kuwa chini ya hicho kiwango kidogo, hasara ni ndogo. Hiyo ndiyo sehemu watu hawataki kusikia: kama huna uhakika, toa upepo, usiongeze.

Na najua utaniambia "lakini naskia ikienda". Unaskia mtetemo. Mwili unachukulia mtetemo kama kasi. Chukua mteremko mdogo wenye lami mbaya, achilia bila kupiga pedali kutoka alama ile ile, uone unasimama wapi na psi 110, halafu 90, halafu 75. Nakubali hili jaribio lina shida zake, upepo ukivuma kidogo au matatu ikikupita inaharibu kila kitu, kuna siku nimerudia mara nane na majibu hayaelewani. Lakini kwa lami mbovu kabisa, sijawahi kuona 110 ikishinda.

Upana nao. Kwa presha ile ile na uzito ule ule, 25 na 28 zinagusa barabara kwa eneo karibu sawa, tofauti ni umbo: la 25 ni refu na jembamba, la 28 ni fupi na pana. Lile fupi linakunja tairi kidogo, kwa hivyo 28 inazunguka kwa urahisi zaidi, sio kwa ugumu. Halafu kwa sababu ina nafasi kubwa ya upepo unaishusha presha na bado haigongi rimu. Waendeshaji wakubwa wa Ulaya walitoka 23 wakaenda 25, wakaenda 28, wengine sasa wamepita hapo, na kwa Paris-Roubaix, ile resi ya Ufaransa inayopita barabara za mawe, wanafunga 30 na 32. Hao wanalipwa kushinda, hawatafuti starehe. Kitu kimoja tu: tairi ikiwa pana kuliko rimu, hewa haipiti vizuri, hiyo kwa mtu anayekimbia peke yake akishindana na saa ina maana. Na fremu za zamani hazina nafasi, pima kwanza kabla hujanunua.

Namba? Mtu wa kilo 70 na tyubu za kawaida: 28 weka kama 70 nyuma na 65 mbele, 25 weka kama 85 na 80. Lami laini kama Thika Road ongeza kidogo, lami mbovu kama barabara za ndani za Kiambu toa 5. Rimu za kisasa zisizo na ule mdomo wa kushika tairi zinaishia baa 5, yaani kama psi 72, usipite hapo hata siku moja, tairi inaweza kuchomoka. Na hizi namba zangu usizishike kama sheria, mimi nina pampu mbili hapa na zinatofautiana psi 6 kwa tairi moja. Tumia pampu moja siku zote.

Resi na mazoezi ni tairi mbili tofauti. Ya resi ina mpira mwembamba na nyuzi laini, ukiikunja mkononi inalala kama kitambaa, mfano Continental GP5000. Ya mazoezi kama Gatorskin ni ngumu mbavuni na nzito, na kwa kilomita 30 kwa saa tofauti ya hizo mbili inaweza kufika wati 15 hadi 20 kwa magurudumu yote. Ni nyingi. Lakini kila siku alfajiri kando ya barabara ambapo tairi za malori zimepasuka na kuacha nyaya, au mahali wamekata ua wa kayaba na miiba imebaki kwa lami, mimi nachukua Gatorskin.

Hizo nyaya ndizo zinanikosesha usingizi. Ni nyembamba kama unywele, zinapenya pole pole, tyubu inaisha upepo usiku. Mtu anabadilisha tyubu, kabla afike Ruaka, pancha tena, analaumu tyubu. Pitisha pamba ndani ya tairi mzunguko mzima, ikikwama hapo ndipo waya upo, itoe na kibano. Na ukiona matundu mawili yamekaa sambamba kama umeumwa na nyoka, huo sio mwiba, uligonga shimo na upepo ulikuwa mdogo sana. Huyo ndiye peke yake namwambia aongeze.

Tyublesi, yaani tairi isiyo na tyubu ndani, kwa lami bado nasita. Ile dawa ya ndani inaziba miiba vizuri sana, lakini na presha ya juu mara nyingine inaruka nje kabla haijaganda, na kwa jua letu inakauka haraka.

Ya nyuma itaisha kwanza kwa sababu imebeba uzito mwingi. Ikiisha usiweke mpya huko nyuma, hamisha ya mbele iende nyuma na mpya ikae mbele, kwa sababu ya mbele ikipasuka kwa mteremko wa Ngong huna la kufanya.

Yule kijana nilimfungia 25, nyuma 75, mbele 70. Nimemwambia azunguke nazo siku mbili kabla ya resi, asije akazijaribu asubuhi ya kuanza.