Je, wajua Desmond Doss aliwashushaje majeruhi 75 jabalini?

Kwa miaka mingi nilidhani jibu nalijua: aliwabeba mgongoni. Ukisikia kwamba tabibu mmoja wa jeshi la Marekani, mwembamba, asiye na silaha, aliwatoa watu wapatao 75 juu ya jabali la Maeda kisiwani Okinawa, Japani, katika Vita vya Pili vya Dunia mwaka 1945, unamwona akishuka na mwenzake begani, kisha anapanda kumfuata mwingine. Nimewahi kusimulia hivyo, tena kwa kujiamini. Lakini juu ya jabali lile askari walikuwa wamepanda kwa nyavu za kamba. Jaribu kushuka wavuni na mtu aliyezimia begani. Huyo wa kwanza tu mngeanguka wote wawili.

Alipowabeba mgongoni, au kuwakokota, ni mwendo wa kutoka walipoangukia hadi ukingoni tu. Kuanzia hapo kazi ilikuwa ya kamba.

Kosa langu la pili lilikuwa kudhani alikuwa mtoro wa vita. Doss alikuwa Msabato wa Lynchburg, Virginia, na amri ya “Usiue” aliichukua kama ilivyoandikwa. Kazi yake ya kiwanda cha meli ingeweza kumwachia abaki nyumbani, ila Aprili 1942 akaingia jeshini, na sheria ya Marekani ilimruhusu kutumika bila silaha. Mara moja tu alitumia bunduki: alipovunjwa mkono kwa risasi aliufungia kitako cha bunduki kama gango, akatambaa yadi 300 kwenda kutibiwa.

Sasa kamba. Siku moja mazoezini huko Marekani alifunga fundo la kitanzi kisichokaza, ila kamba akawa ameikunja mara mbili, vikatoka vitanzi viwili badala ya kimoja. Kikawa kituko tu. Huko Okinawa akakikumbuka: mguu huku, mguu huku, kisha kamba inazungushwa kifuani na kufungwa tena. Hata aliyezimia hachomoki, na kitanzi hakimkabi.

Uzito je? Nenda mnadani umtazame mtu anayemzuia fahali. Hashindani naye kwa mikono. Anazungusha kamba mtini, na fahali anavutana na mti. Mabaharia wa jahazi hufanya vivyo hivyo gatini kwa amari na nguzo. Msuguano wa kamba na nguzo ndio unaobeba mzigo, na uzuri wake ni kwamba kila mzunguko unazidisha nguvu hiyo, haujumlishi. Kamba ikizungushwa mara moja, mkono unabaki na sehemu ndogo ya uzito. Ukizungusha mara ya pili, unabaki na sehemu ndogo ya ile sehemu ndogo. Kazi ya mkono ni kuachia polepole. Masimulizi ya Okinawa yanataja kisiki kilichoshika kamba.

Jabali lenyewe linatajwa kuwa na futi 400, lakini ukuta wima wa juu kabisa ulikuwa kama futi 35. Chini yake walikuwapo wenzake wa kupokea. Kwa masimulizi yake ilikuwa Jumamosi, siku ya Sabato, na hakusita, kwa sababu Yesu aliponya siku ya Sabato.

Tahadhari kidogo: maelezo rasmi ya nishani aliyovishwa na Rais Truman tarehe 12 Oktoba 1945 yanataja machela iliyoshushwa kwa kamba, si vitanzi. Mimi naelemea kwa mwenye fundo.

Na ile 75? Hakuna aliyehesabu. Wakuu wake walikadiria watu 100. Doss akasema haiwezekani, hawakuzidi 50. Wakakutana katikati.