Magofu ya Shaba Lubumbashi: Yanayodhaniwa na Yaliyo Kweli

“Msanii anayepiga picha kiwanda kilichokufa anatafuta uzuri wa magofu tu.”

Tazama mfululizo wa *Mémoire* wa msanii Sammy Baloji, mzaliwa wa Lubumbashi, mji wa migodi ya shaba kusini mwa Kongo, alioutengeneza kati ya 2004 na 2006. Mitambo iliyonyamaza ya Gécamines, kampuni ya madini ya serikali ya Kongo, aliipiga picha za rangi mwenyewe. Juu ya picha hizo akapachika watu kutoka picha za kikoloni zisizo na rangi: vibarua, wanaume wenye minyororo shingoni, wakubwa wa Kizungu. Kibarua wa enzi za Union Minière, kampuni ya madini ya kikoloni iliyoanzishwa 1906 na kurithiwa na Gécamines, anasimama mbele ya kiwanda cha leo na kutukazia macho. Uzuri upo, sikatai, ila huwezi kumkwepa mtu yule. Katika video ya Baloji ya 2006, mcheza dansi wa Kongo Faustin Linyekula anacheza dansi ndani ya magofu hayo. Kwangu hilo ndilo kubwa zaidi: wenye jasho wamerudishwa mahali lilipowatoka.

“Wakoloni walipoondoka, kila kitu kikafa.”

Si kweli. Katika miaka ya 1980, zaidi ya miaka 20 baada ya uhuru, Gécamines ilikuwa ikizalisha zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka. Iliangushwa na uporaji wa enzi za Rais Mobutu, kuporomoka kwa mgodi wake wa Kamoto mwaka 1990 na machafuko yaliyofuata. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondolewa kazini kwa mpango uliofadhiliwa na Benki ya Dunia, ukiitwa wa hiari.

“Sanaa hii imeletwa na wageni.”

Mchoraji Mkongo Tshibumba Kanda Matulu alikuwa akichora historia ya Katanga, mkoa wa Lubumbashi, miaka ya 1970, wakiwemo wafanyakazi wa Union Minière waliopigwa risasi katika mgomo wa Desemba 1941. Tangu 2008 Baloji na wenzake wa kituo cha sanaa kiitwacho Picha huandaa maonyesho makubwa ya sanaa mjini humo.

“Sanaa inaponya ardhi.”

Haiponyi. Utafiti wa vyuo vikuu vya Lubumbashi na Leuven, uliochapishwa 2009, ulikuta kobalti, metali inayodhuru ikizidi mwilini, kwa wingi kwenye mkojo wa wanaoishi karibu na migodi na viwanda vya kuyeyushia madini. Kusafisha udongo ni wajibu wa kampuni na serikali, na wasanii wasibebeshwe mzigo huo.