Tuma na ya kutolea: dhana potofu kuhusu mji na kijiji

"Kijiji kinalishwa na mji." Simu inaita mwisho wa mwezi: "Tuma na ya kutolea." Anayetuma anajiona nguzo ya ukoo mzima. Lakini gunia la mchele wa Kyela lililofika kwenye buti la basi, au mkungu wa ndizi kutoka Moshi, havina muamala kwenye simu, basi havihesabiwi. Na maji je? Sehemu kubwa ya maji ya bomba ya Dar es Salaam hutoka Mto Ruvu, ambao chanzo chake kiko milima ya Uluguru. Huko juu miteremko ikilimwa hovyo, tope linashuka na mto. Mkaa nao hutoka Pwani na Morogoro. Anayemlaani mchoma mkaa mara nyingi ndiye mteja wake.

"Dalali ni mnyonyaji tu." Lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kipimo, ni wizi, sina jina jingine. Sheria inataka gunia lisizidi kilo 100, lakini huku mashambani linajazwa, linarefushwa kwa wavu na kamba, kisha mkulima analipwa la gunia moja. Hata hivyo, mwenye nyanya zake Lushoto asiyemjua mtu sokoni Ilala afanyeje? Nyanya haisubiri. Dalali ana wateja, na siku hizi mkulima anapiga simu sokoni kuulizia bei kabla hajajaza matenga. Tungebana mizani kwanza, ndipo tumhukumu dalali.

"Vijana warudishwe shamba, mji upumue." Ilishajaribiwa. Mwaka 1983 operesheni ya Nguvu Kazi iliwakusanya walioonekana hawana kazi na kuwapeleka vijijini. Wengi walirudi. Sensa ya 2012 ilihesabu watu milioni 4.36 Dar es Salaam. Ya 2022, milioni 5.38. Tena si wote wanaoikimbilia Dar: Makambako imekuzwa na njia panda, Katoro na dhahabu, Tunduma na mpaka, na huko ndiko mkulima wa jirani anakonunua mbolea na bati.

"Mjini hakulimwi." Pita bonde la Msimbazi uone matuta ya mchicha.

"Wachagga Desemba wanakwenda kwao Kilimanjaro kutamba na magari." Hilo lipo, tusidanganyane. Ila ndio wakati ukoo unapokutana, mipaka ya kihamba, shamba la ukoo, inajadiliwa wahusika wote wakiwapo, na nyumba ya mzee inaezekwa upya. Januari magari yanarudi Dar, ndizi zimejaa nyuma.